Kabla ya kununua intafesi ya FT8, igeuze kwanza redio yako

Wanaredio wengi wanaotaka kuanza modi za kidijitali kama FT8, yaani kutumiana ujumbe mfupi hewani kwa msaada wa programu ya kompyuta, huuliza jambo moja: ninunue intafesi ipi, kile kisanduku cha kuunganisha redio na kompyuta? Mimi huwajibu kwa swali: una redio gani, na mgongoni mwake kuna matundu gani? Hapo ndipo inapojulikana kama utatoa pesa nyingi, kidogo, au hutatoa kabisa.

Kama redio yako ni Icom IC-7300, Yaesu FT-991A au Kenwood TS-590SG, kadi ya sauti imo ndani yake tayari. Unahitaji waya mmoja wa USB, uleule wa printa, na kazi imekwisha. Mtu asikushawishi kununua kisanduku juu yake. Ila umbo la tundu lisikudanganye pia. Yaesu FT-891 nayo ina tundu la USB, lakini linapitisha amri za kompyuta tu, sauti haipiti hapo. Mwenye FT-891 bado anahitaji kadi ya sauti ya nje. Fungua kitabu cha redio usome ukurasa wa matundu kabla hujaagiza chochote.

Ninayoandika hapa basi ni kwa wenye redio za kizazi cha nyuma kidogo: FT-857D kama yangu, FT-817, TS-480 na ndugu zao. Hizi ni redio nzuri, zinapatikana mkononi kwa bei ya kuvumilika, na FT8 zinaifanya bila shida yoyote zikiunganishwa sawasawa.

Intafesi ina kazi nne. Inapeleka sauti ya redio kwenye kompyuta; inarudisha sauti ya kompyuta kwenye redio; inaiambia redio ianze kurusha, ndiyo PTT; na ikiwa kamili, inabeba amri za kubadili masafa na modi, ndiyo CAT. Kuna na ya tano, ambayo matangazo mengi hayaitaji, nayo kwangu ndiyo ya kwanza: kuzitenga redio na kompyuta kiumeme, sauti ipite lakini umeme usipite.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya mazingira yetu. Katika nyumba nyingi nilizokwenda kusaidia kufunga redio hapa Dar es Salaam, soketi ina matundu matatu lakini lile la ethi halijaunganishwa na chochote ardhini. Chaja ya laptopu ina kapasita ndogo za kuchuja kelele, zilizofungwa kati ya nyaya za umeme na ethi. Ethi isipokuwepo, kapasita hizo zinaugawa umeme wa volti 230 karibu nusu kwa nusu, na bodi ya laptopu inabaki ikielea kwenye volti mia na zaidi. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, hauui, lakini ndio ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kiganja juu ya laptopu yenye bodi ya chuma. Sasa iunganishe laptopu hiyo, kwa waya wa sauti wa kawaida, na redio iliyofungwa kwenye fimbo ya ethi nje. Mkondo umepata njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo ni ganda la waya unaobeba sauti yako. Matokeo yake ni mvumo wa hezi 50 na watoto wake wote, 100, 150, 200, ukiingia kwenye mapokezi na kwenye sauti unayorusha. Mtu wa upande wa pili anaona mistari kando ya mawimbi yako, wewe huna habari.

Kujua kama hili ndilo linalokusumbua ni rahisi. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri yake. Mvumo ukitoweka, umeshapata jibu.

Dawa yake ni transfoma mbili ndogo za sauti, za omu 600 kwa 600, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya umeme, kwenye waya wa PTT. Vitu hivi si ghali. Ndiyo maana siwaelewi watengenezaji wanaoviacha, na ndiyo maana nikisoma maelezo ya intafesi, kabla ya rangi na ukubwa, natafuta kama transfoma zimo.

SignaLink USB ya Tigertronics inazo. Ni kisanduku cha chuma chenye kadi yake ya sauti na vitufe vitatu vya kuzungusha mbele: sauti ya kurusha, sauti ya kupokea, na muda wa kuchelewa kuachia PTT. Kimetumiwa na wanaredio duniani kwa miaka mingi, na ubora wake ni kwamba kisipofanya kazi unaweza kukisia tatizo kwa macho. Kasoro yake ni mbili. PTT yake inaamshwa na sauti yenyewe, kwa hiyo mlio wowote wa kompyuta, ujumbe ukiingia au betri ikipungua, unaweza kuirusha redio yako hewani. Milio ya mfumo lazima izimwe, au ipelekwe kwenye spika za laptopu peke yake. Ya pili, hakina CAT. Utatafuta waya mwingine wa kuamrisha redio.

Digirig Mobile iko upande wa pili. Ni ndogo, inaingia mfukoni, na kwa waya mmoja wa USB unapata kadi ya sauti, CAT na PTT ya kweli inayoamrishwa na programu. Kwa anayebeba redio kwenda ufukweni au mlimani siioni mbadala wake kwa urahisi. Lakini transfoma haina. Ukiitumia nje na laptopu ya betri, hakuna wa kukusumbua. Ukiiweka mezani nyumbani, na chaja, pawa saplai na ethi ya nje, huenda ukakutana na ule mvumo, na hapo itabidi utafute kitenganishi cha USB cha kuweka katikati.

Njia ya tatu ni kutengeneza mwenyewe, na ukiwa na fundi redio jirani usiione ndogo. Kadi ya sauti ya USB ya bei rahisi kutoka Kariakoo, transfoma mbili, optokapla, na waya wa USB wa serieli. La kujihadhari nalo ni kiwango cha sauti. Tundu la data la FT-857D linataka milivolti 40 tu kutoka kilele hadi kilele, wakati tundu la hedifoni la kompyuta linaweza kutoa volti nzima na zaidi. Weka rizista mbili za kugawa, kilo-omu 10 kwa omu 100, ndipo utaweza kupanga sauti kwa utulivu badala ya kuhangaika na asilimia moja ya volumu.

Kuhusu CAT, wengine watakuambia ni anasa. Sikubaliani nao, na sababu yangu si uvivu wa kuzungusha kitufe. Programu ya WSJT-X, iliyotuletea FT8 mwaka 2017 kutoka kwa Joe Taylor na Steve Franke, ambao hewani ni K1JT na K9AN, inakuruhusu kurusha toni popote ndani ya upana wa sauti. Ukirusha toni ya hezi 600 na sauti yako imezidi kidogo tu, vizidisho vyake vya 1200, 1800 na 2400 vyote vinapita kwenye kichujio cha redio na kwenda hewani, na unaonekana mara nne. Programu ikiwa na CAT, ukichagua mpangilio wa Split, inasogeza masafa ya redio ili toni halisi ibaki kati ya hezi 1500 na 2000. Hapo kizidisho cha kwanza kinaanzia 3000 na kichujio kinakizuia. Mawimbi safi kwenye megahezi 14.074, ambako tunabanana watu wa dunia nzima, ni adabu kwa wenzako.

Lakini waya wa CAT si mmoja kwa redio zote. Yaesu FT-857D na FT-817 zinatumia volti 5 za kawaida za saketi. Icom ina CI-V yake inayopita kwenye waya mmoja. Kenwood TS-480 inatumia RS-232, kiwango cha zamani cha serieli, chenye volti kubwa zaidi, chanya na hasi. Ukichomeka waya wa RS-232 moja kwa moja kwenye Yaesu yenye volti 5 unaweza kuiumiza. Anayeuza asiyeweza kukuambia waya wake ni wa kiwango gani, mwache. Na uangalie chipu iliyomo: za FTDI na Silicon Labs zinatambuliwa na Windows na Linux bila vita ya draiva, wakati kuna nakala bandia sokoni ambazo draiva mpya zinazikataa.

Ukishaunganisha, weka redio kwenye modi ya data, si ya mikrofoni, la sivyo kuku na bodaboda za mtaani nao watakwenda hewani. Zima kikuza sauti cha maneno. Pandisha sauti ya kompyuta polepole hadi nguvu ifike unapotaka, kisha rudisha kidogo, sindano ya ALC, kipimo cha redio kinachoonyesha sauti ikizidi, isiinuke au iguse tu. FT8 inarusha sekunde 12.64 katika kila 15, bila kupumua kama mtu anayezungumza, kwa hiyo redio ya wati 100 naipa 30 au 40. Wati hizo kutoka KI93, mraba wa Dar es Salaam kwenye ramani ya wanaredio, mchana masafa yakiwa wazi, zinafika Ulaya na Asia bila jasho. Ingia kwenye ramani ya mtandaoni ya PSK Reporter baada ya dakika chache uone nani kakusikia.

Kama USB inakatika kila unaporusha, usikimbilie kurudisha kisanduku dukani. Mara nyingi ni mawimbi ya antena yako yanayorudi ndani kwa ganda la koaksi, ule waya wa kwenda antena, hasa ukitumia antena ya waya uliolishwa mwishoni na kupitishwa dirishani. Zungusha koaksi mara kadhaa kwenye pete ya feraiti aina ya 31 pale inapoingia nyumbani, na waya wa USB kwenye pete nyingine. Punguza nguvu uone kama tatizo linaondoka. Likiondoka, ndilo hilo.

Kwa kuwa vipindi vile vya sekunde 15 huanza pamoja kwa wote, saa ya kompyuta nayo lazima iwe sahihi, isipishane na wengine kwa zaidi ya sekunde moja hivi. Umeme ukikatika na intaneti ikiondoka nao, kifaa kidogo cha GPS cha USB, kinachotoa saa sahihi, kinakuokoa.

Wakati wa kuagiza, agiza intafesi pamoja na nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya redio yako hasa. Plagi ya mini-DIN yenye pini 6, inayoingia kwenye tundu la data, ni ndogo mno kulehemu kwa mkono usiozoea, na madukani hapa sijaiona mara nyingi. Kama unaishi karibu na bahari, ongeza seti moja ya akiba, maana hewa ya chumvi inaanzia kwenye plagi.