Sensa ya Dakti: Rekebisheni Kazi, Msirekebishe Namba

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mafundi wa AC za majengo makubwa. Nimechagua zinazogusa jambo linalonikera kuliko yote: kusahihisha namba kwenye skrini na kuiacha ilivyo sensa, yaani kile kifaa kinachopima joto la hewa ndani ya dakti (njia ya bati inayopitisha hewa).

Shikamoo mwalimu. Sensa yangu ya hewa baridi inasoma nyuzi 9, lakini kipimajoto cha mkononi kwenye grili ya ofisini kinasoma 14. Nikiweka ofseti (namba ya kuongezea kipimo) ya nyuzi 5 kwenye kontrola, yaani kifaa kinachoendesha AC, kazi imekwisha? (Fundi, Tanga)

Marahaba. Kazi haijaisha, umeificha. Sensa nzima haikosei nyuzi 5. Ukiona tofauti kama hiyo, ama imefungwa pabaya, ama kontrola imewekewa aina nyingine ya sensa, ama unalinganisha sehemu mbili zisizolingana. Na hapo kwako ndivyo ilivyo: hewa ikitoka kwenye koili, yaani mabomba ya maji baridi yanayoipoza, hupita kwenye feni, ambayo nayo huiongezea joto, kisha husafiri ndani ya dakti juu ya dari lenye moto kabla ya kufika kwenye grili.

Toboa tundu dogo kando ya sensa, ingiza kipimajoto unachokiamini hadi kina kilekile, subiri namba zitulie, ndipo ulinganishe. Kisha kisogeze polepole kutoka upande mmoja wa dakti hadi wa pili. Namba zikipanda na kushuka njiani, sensa haina kosa. Imewekwa karibu mno na koili, mahali ambapo hewa haijachanganyika. Ofseti unayoweka leo mchana, vali ya maji baridi ikiwa wazi kabisa, itakudanganya usiku vali ikijifunga nusu. Kuna majengo ambayo kila fundi anayepita huongeza ofseti yake juu ya ya mwenzake, mpaka hakuna anayejua joto halisi ni lipi. Wanaolipia umeme huo ni wenye jengo.

Sensa ya dakti inafungwa wapi? (wasomaji kadhaa)

Jamani, mnapouliza semeni ni ya hewa gani. Ya hewa inayopelekwa vyumbani: baada ya feni, kwenye kipande kilichonyooka, mbali na koili na kona, ncha ikifika katikati ya dakti. Ya hewa inayorudi: kabla haijakutana na hewa ya nje. Ya hewa iliyochanganywa ndiyo ngumu, kwa sababu hewa ya nje na inayorudi huweza kwenda sambamba bila kuungana. Hapo sensa ya kijiti haifai; tumia ile ndefu ya kupimia wastani, uizungushe huku na huku hadi ienee dakti nzima.

Naweza kupitisha waya wa sensa pamoja na waya wa umeme wa feni? (Mombasa)

Hapana. Na kama waya una ngao (wavu wa chuma unaouzunguka), iunganishe na ethi upande mmoja tu, kwenye kontrola.

Sensa ni thamista (kipande ambacho ukinzani wake hubadilika na joto) ya omu 10,000. Kontrola inaonyesha −40 huku watu wanalalamika joto. (Dodoma)

Waya umekatika au umelegea. Ukinzani wa thamista hii hupanda joto likishuka, kwa hiyo waya uliokatika kontrola huuona kama baridi kali, nayo inafunga maji baridi. Chomoa nyaya zote mbili kwenye kontrola kabla ya kupima kwa mita. Zikiwa zimeunganishwa, mita itakuwa inapima kontrola pia.

Nilitumbukiza sensa kwenye maji yanayochemka ikasoma 94. Nirudishe dukani? (Nairobi)

Usirudishe. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Isitoshe, sensa ya hewa baridi inapimwa kwa barafu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji ya kuziba nafasi tu, koroga, tumbukiza kijiti bila kugusa chini wala kulowesha kichwa (kile kisanduku chenye nyaya), usubiri dakika kadhaa. Thamista ya aina ya 2 itasoma omu 32,650 hivi. Ya aina ya 3, 29,490 hivi. Kwenye nyuzi 25 zote mbili husoma 10,000, ndiyo maana anayepima mezani tu haoni kuwa amechagua aina isiyo yake.

Kichwa cha sensa kinajaa maji. (Zanzibar)

Unyevu wa pwani huo. Fungua kifuniko: ukikuta vituo vya nyaya vina kutu ya kijani, badilisha sensa. Unapofunga mpya, inua kichwa kitokeze nje ya insulesheni, ziba tundu la bati kwa silikoni, rudishia insulesheni na tepu ya alumini bila kuacha mwanya, na waya uingie kwa chini.