Nenda kwa Daktari wa Meno Siku Ambayo Jino Haliumi

Pita kijiwe chochote hapa Mtwara, uwe Magomeni au Mikindani, uulize nani amewahi kung'olewa jino. Hutakosa hadithi. Huyu alishikwa na watu wawili, yule ganzi iligoma, mwingine shavu lilimvimba wiki nzima. Mimi nimekulia kwenye hadithi hizo, na zilinikaa. Kwa miaka nilitafuna upande mmoja, maji baridi nikiyapitisha kwa kuinamisha kichwa, na kila mwaka najiambia minada ya korosho ikianza nitaenda, nikishika hela. Minada ilianza, hela nikashika, sikwenda. Kumbe shida haikuwa hela.

Bibi yangu, Mmakonde wa Newala mwenye chale usoni na meno yaliyochongwa enzi za usichana wake, alinicheka mpaka akatoa machozi. "Mjukuu wangu, wewe unaogopa kasindano?" Nampenda bibi, ila mtu mwenye woga hapati nafuu kwa kuchekwa. Anajificha zaidi tu.

Kilichonisaidia ni kuelewa kwamba hadithi za vijiweni nyingi ni za kweli, isipokuwa ni za watu waliochelewa. Jino likianza kupwita mtu anaweka karafuu. Ikishindikana, diklofenaki. Halafu vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa, anameza viwili vitatu, maumivu yakitulia anaacha. Wapo wanaosukutua gongo. Hospitali anafika baada ya kukesha, fizi imejaa usaha. Sasa ganzi na usaha haviivani. Nyama yenye uambukizo inakuwa na asidi nyingi, na dawa ya ganzi ikichomwa hapo, sehemu yake kubwa inashindwa kupenya kwenye mshipa wa fahamu. Daktari italazimu aongeze dawa, achome mbali na uvimbe, au atoe usaha kwanza. Anayeng'ang'ania ang'olewe hapo hapo ndiye anayerudi kijiweni na habari. Aliyezibwa kitundu kidogo akarudi zake kazini ana nini cha kusimulia?

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: nenda jino likiwa limetulia, na mara ya kwanza nenda kuangaliwa tu. Hapa mjini kitengo cha meno kipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula. Wa upande wa Masasi wengi wanakwenda Ndanda. Ukifika, sema mapema kwamba unaogopa. Mimi nilikuwa nimeshafokewa kwenye zahanati moja nisiyoitaja, eti mwanaume mzima unatetemeka, nikaondoka. Ukikutana na wa hivyo na wewe ondoka, tafuta mwingine, ila usiishie nyumbani.

Niliyempata alikuwa dada wa makamo, mpole. Nikamwambia, "Dokta, mimi naogopa sana."

"Wanaoogopa ndio wengi, kaka. Leo naangalia na kioo tu, sindano sigusi. Ukitaka nisimame, nyanyua mkono wa kushoto."

Hata hajafika kwenye jino bovu nikanyanyua mkono, kumjaribu. Akasimama, akatoa kioo mdomoni, akasubiri. Nadhani hapo ndipo woga wangu ulipopungua kuliko kwenye dawa yoyote, maana kilichokuwa kinanitesa zaidi ni kulala chali, mdomo wazi, taa usoni, na huna kauli. Ombeni ishara hiyo. Haina gharama.

Halafu ile harufu. Kuna harufu ya chumba cha meno inayonipandisha presha tangu nikiwa mdogo. Dokta akaniambia ni mafuta ya karafuu, yanachanganywa kwenye dawa ya kuzibia kwa muda. Karafuu! Hiyo hiyo ya kwenye pilau. Sijui kwa nini hilo lilinichekesha vile.

Siku ya kazi yenyewe nenda asubuhi, na nenda umekula. Tumbo tupu likichanganyika na woga, kizunguzungu hakipo mbali. Mweleze daktari kama una presha, kisukari, ujauzito, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Sindano inauma kidogo, sitakudanganya, ila ikisukumwa taratibu inavumilika, mwombe asiharakishe. Moyo unaweza kukudunda ghafla baada ya hapo. Mara nyingi ni kwa sababu ganzi imechanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu, na hali hiyo inapita baada ya dakika chache, lakini mwambie daktari. Subiri mdomo uwe mzito. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, hilo ganzi haiondoi. Maumivu makali yakichomoza, mkono juu, aongeze dawa.

Na lile la kwamba jino la juu lina mshipa wa jicho, ukiling'oa unapofuka? Mshipa wa fahamu wa meno ya juu ni mmoja, wa kuonea ni mwingine kabisa. Nimeona watu wazima wakibaki na jino lililooza kwa imani hiyo, inasikitisha.

Ukishang'olewa, ng'ata pamba yako kama nusu saa bila kuichungulia. Siku hiyo usisukutue na usivute sigara, bonge la damu linaloziba lile shimo lisije likang'oka. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi anza kesho yake. Usitafune chochote mpaka ganzi iishe, utang'ata mdomo wako bila kujua.

Lipo jambo moja lisilosubiri siku tulivu. Shavu likivimba na homa juu, mdomo haufunguki vizuri, au kumeza kunakuwa shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe usiku iwe mvua. Kupumua kukiwa kwa shida, usisubiri hata saa moja.

Kwa wenye watoto: acheni kuwatisha kwamba asiyepiga mswaki atapelekwa kung'olewa meno. Mkienda kuangaliwa, nendeni nao, wakae kwenye kiti kile kinachopanda na kushuka, washike kioo. Na mtoto akiwa anatibiwa, usimwambie haitauma hata kidogo. Mwambie atasikia kama kachomo, kisha mdomo utakuwa mzito, na kwamba na yeye ana mkono wa kunyanyua.