Swali la lugha: Ndege waliigonga ndege, au ndege iliwagonga ndege?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Napenda sana historia ya usafiri wa anga, na huwa naandika makala fupi fupi. Juzi niliandika habari ya ndege iliyotua katika mto Hudson, New York, mwaka 2009. Sentensi yangu ilisomeka: 'Ndege ilianguka mtoni baada ya kugongwa na ndege.' Rafiki yangu aliyeisoma alidhani ndege mbili za abiria ziligongana. Je, Kiswahili kimepungukiwa na neno la chombo hiki? Si afadhali turudie 'eropleni' ya zamani, ndege abaki kuwa yule mwenye manyoya? Na anayeiongoza, tumwite rubani, nahodha au kapteni?"

Marahaba, ndugu yangu. Tukio ulilolichagua ndilo hasa linalofaa kupimia neno hili, kwa sababu siku ile ndege wa aina zote mbili walikutana hewani. Tarehe 15 Januari 2009, ndege aina ya Airbus A320 iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia ikiwa na watu 155. Dakika chache baadaye ilikutana na kundi la mabata bukini, baadhi yao wakaingia katika injini zote mbili, na injini zikapoteza nguvu. Rubani mkuu Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles waliishusha juu ya maji ya Hudson, na watu wote 155 wakaokoka.

Sasa tazama. Ndege waliigonga ndege. Ndege iliwagonga ndege. Nomino ni ileile pande zote, haikuongezewa hata herufi moja, lakini msomaji wa Kiswahili anajua mara moja nani ana manyoya na nani ana injini. Katika sentensi ya kwanza *wa-* ni viumbe na *-i-* ni chombo. Katika ya pili *i-* ni chombo na *-wa-* ni viumbe. Ukiandika "ndege ziliigonga ndege", hapo ndipo rafiki yako angekuwa na haki ya kuwaza ajali ya vyombo vitupu. Habari yote imebebwa na viambishi.

Kwa hiyo kosa la sentensi yako halikutoka kwenye neno *ndege*. Limetoka kwenye "baada ya kugongwa na ndege". Umetumia kitenzi-jina, *kugongwa*, ambacho hakina kiambishi cha nafsi, na ndege wa pili akabaki bila chochote cha kumtambulisha. Hapo ndipo pa kujihadhari: kila mahali ambapo upatanisho umenyamaza. "Nilisikia mlio wa ndege" ina utata. "Tuliona ndege angani" ina utata. Hata kivumishi huweza kukuangusha, kwa sababu "ndege mzuri" na "ndege nzuri" hutofautiana waziwazi, lakini "ndege mbaya" ni vilevile kwa kiumbe na kwa chombo. Wingi wa umiliki nao una mtego, maana wengi wetu husema "ndege zangu" hata kwa viumbe, kama tusemavyo "mbwa zangu". Idadi ndiyo huokoa: "ndege zangu wawili" wanataka mtama, "ndege zangu mbili" zinataka mafuta.

Tabia hii haiko kwa ndege peke yake. Kifaru wa porini *amekufa*. Kifaru cha vita *kimeharibika*. Mjenzi wa lugha alichukua mnyama, akampa chuma jina lake, kisha akaacha sarufi ilinde mpaka. Mimi naliona jambo hili kuwa moja ya mambo mazuri kabisa katika Kiswahili: uhai wa kitu hauonekani kwenye jina, unaonekana kwenye kila neno linalolizunguka jina hilo.

Na ndege alikuwa na mazoea ya kuvuka mpaka huo kabla injini hazijabuniwa. Zamani *ndege* lilikuwa pia neno la ishara, ya kheri au ya shari. Mtu alisema amepata "ndege njema", asiseme "ndege mwema", kwa sababu alikuwa akitaja bahati ya safari yake, si kiumbe. Warumi wa kale nao walitazama bahati zao kwa kuangalia ndege, na neno la Kilatini la ndege, *avis*, limo ndani ya *auspicium*, neno lao la ishara ya namna hiyo.

Neno hilohilo *avis* linatupeleka kwenye hoja yako ya kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Mwaka 1863 Mfaransa Gabriel de La Landelle alihitaji jina la sanaa ya kuruka angani, wakati ambapo hakukuwa na mashine yenye mabawa na injini iliyoweza kumbeba mtu na kuruka. Akachukua *avis*, akaunda *aviation*, neno ambalo leo limeenea katika lugha nyingi za dunia. Baadaye mhandisi Clément Ader, Mfaransa pia, akaiita mashine yake *Avion*. Ile ya mwaka 1897, Avion III, ilikuwa na mabawa yaliyoigwa kwa popo, ambaye si ndege, lakini jina likabaki na ndege. Mpaka leo Mfaransa anayepanda *avion* amepanda neno lililotokana na ndege. Sisi tumefanya walichofanya wao, ila hatukupitia Kilatini.

Waliotangulia kuruka nao hawakumwona ndege kama mfano wa mbali. Mjerumani Otto Lilienthal aliwachunguza korongo kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuruka kwa mabawa aliyoyatengeneza mwenyewe mwaka 1891, akiteleza hewani kutoka vilimani. Alifariki mwaka 1896 baada ya kuanguka. Miaka saba baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, ndugu Wilbur na Orville Wright waliruka kwa injini karibu na Kitty Hawk, Marekani. Safari yao ya kwanza siku hiyo ilichukua sekunde 12 na kufika mita 36 hivi. Kuiita mashine iliyotokana na kazi hiyo *ndege* ni kusema ukweli wa asili yake.

*Eropleni* sina ugomvi nayo. Ni neno halali, limo katika kamusi, na ukilikuta katika maandishi ya zamani usilisahihishe. Lakini kulirudisha ili kukimbia utata ambao viambishi viwili vinautatua, hilo silikubali. Wapo wanaosema jina lazima lieleze kitu kilivyo. Basi waulizwe kuhusu kisanduku cheusi. Kifaa kile kinachohifadhi sauti za marubani na mwenendo wa ndege, ambacho mwanasayansi wa Australia David Warren alikipigania tangu miaka ya 1950, hupakwa rangi ya machungwa iliyokolea ili kionekane kwa urahisi kwenye mabaki. Dunia nzima hukiita cheusi, na wachunguzi wa ajali hawajawahi kukikosa kwa sababu ya jina.

Swali lako la rubani limenifurahisha zaidi, maana linatutoa angani na kutushusha baharini. *Rubani* limetoka Kiarabu, na kwa watu wa pwani alikuwa mtu wa chombo cha majini, mwenye kujua mkondo na miamba. Bandarini bado wapo marubani wa meli, wanaopanda kuiongoza meli iingie salama. *Nahodha* limetoka Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. *Abiria*, lenye asili ya Kiarabu, ni mwenye kuvuka. Na tafadhali usiandike "maabiria", ni abiria mmoja, abiria 150. Hata *chombo* chenyewe, tunachosema "chombo cha anga", kwa mabaharia wetu ni jahazi.

Usafiri wa anga wa kibiashara kweli ulianzia majini kwa namna fulani. Safari ya kwanza ya ratiba kwa ndege ya mabawa yenye kulipisha nauli ilifanyika tarehe 1 Januari 1914, kutoka St. Petersburg hadi Tampa, huko Florida. Chombo kilikuwa boti yenye mabawa, rubani alikuwa Tony Jannus, na abiria alikuwa mmoja tu, Abram Pheil, aliyeinunua nafasi hiyo mnadani kwa dola 400. Walivuka ghuba kwa dakika 23. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Pan American iliziita boti zake za angani kwa jina la merikebu za matanga ziendazo kasi, na marubani wake wakavaa sare za mtindo wa jeshi la majini. Mpaka leo mwendo wa ndege hupimwa kwa maili za baharini kwa saa, kila maili ikiwa mita 1,852.

Basi anayeongoza ndege ni *rubani*. Wakiwa wawili, mwenye mamlaka ni *rubani mkuu* na mwenzake ni *rubani msaidizi*. *Nahodha* mwachie meli na timu ya mpira. *Kapteni* ni cheo, na linafaa kabla ya jina: Kapteni Fulani.

Nikiwa hapohapo, vitenzi viwili. Rubani *hurusha* ndege. Ukiandika "rubani aliruka" bila zaidi, msomaji anaweza kumwona akitoka dirishani na parachuti. Na usiseme "ndege imefutwa". Ndege ipo palepale imeegeshwa. Iliyofutwa ni safari.

Kuhusu "ilianguka mtoni", nakuomba ulibadili hata kama utata usingekuwapo. Kuanguka hakuna mikono inayoongoza, na siku ile mikono ilikuwapo. Kutua ni neno la mchukuzi anayeshusha mzigo wake taratibu asiuvunje, na la ndege anaposhika tawi. Mimi ningeiandika hivi:

"Mabata bukini waliingia katika injini za ndege, injini zikapoteza nguvu, na marubani wakaitua mtoni ikiwa na watu 155, na wote wakaokoka."