Mistari juu, rangi chini: kupaka rangi ramani ya nyumba kwenye kompyuta

Mama mmoja alikuja kuchukua ramani ya nyumba yake ya vyumba vitatu. Nikaitandaza mezani, safi, vipimo vyote vimo. Akaikodolea macho kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hapa naona mistari tu. Jiko liko wapi?" Kidole chake kilikuwa juu ya jiko. Tangu siku ile, fundi nampa nakala ya nyeusi na nyeupe, na mwenye nyumba nampa ya rangi.

Nilianza vibaya. Nilifungua picha ya ramani kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikachukua ndoo ya rangi, nikamwaga moja kwa moja juu ya mchoro. Ilipendeza. Kisha mteja akataka sakafu ya sebule iwe ya kijivu badala ya kahawia. Sebule, korido na baraza zote zilikuwa kahawia ile ile, na rangi imeshashikana na mistari. Nilikesha nikirudia kazi nzima.

Dawa yake ni leya. Chukua mfano wa ile nailoni angavu tunayojalidia madaftari: pandanisha vipande kadhaa, kila kimoja kina mchoro wake, na ukitazama kutoka juu unaona picha moja. Ukichomoa kimoja, vingine vinabaki vilivyo. Photoshop ilipata leya mwaka 1994, katika toleo la 3.0. Leo GIMP na Krita, ambazo ni za bure, nazo zinazo, na kanuni ni zile zile.

Wengi huweka mchoro chini na rangi juu, halafu wanashangaa mistari imefunikwa. Fanya kinyume. Leya ya mistari ikae juu kabisa, kisha ubadilishe hali yake kutoka "Normal" kwenda "Multiply". Hapo karatasi nyeupe inatoweka na mistari myeusi inabaki. Si uchawi, ni kuzidisha. Kompyuta inahesabu nyeupe kuwa 1 na nyeusi kuwa 0, kisha inazidisha kila nukta na ile iliyo chini yake. Rangi ikizidishwa kwa 1 haibadiliki. Ikizidishwa kwa 0 inakuwa nyeusi. Ukilielewa hilo, hutahangaika tena kufuta weupe kwa kifutio. Ifunge leya hiyo ya mistari usije ukaichora kwa bahati mbaya.

Lakini kazi huharibika kabla hata ya kufika huko, wakati wa kutoa mchoro AutoCAD, programu ninayochorea ramani. Mimi hutoa PDF mbili kwa ukubwa ule ule wa karatasi na kipimo kile kile. Moja ina kila kitu. Nyingine nimeizimia vipimo, maandishi na vile vimistari vya vigae, kwa sababu ukibofya sakafu yenye vigae ili kuichagua, utapata kigae kimoja tu, na vyumba vitatu vina mamia. Ile tupu naitumia kuchagulia maeneo, ile kamili ndiyo inayoonekana. Ukiifungua PDF, programu itakuuliza nukta ngapi kwa inchi. Andika 300. Kwa A3 utapata picha ya takriban pikseli 4961 kwa 3508, na itachapika vizuri.

Sasa kuna milango. Kwenye ramani mlango ni uwazi, kwa hiyo ukibofya chumba cha kulala, uteuzi, yaani eneo ulilochagua, unatoka mlangoni, unapita korido, unaingia sebuleni. Wengine hujaribu kupunguza kiwango cha uvumilivu cha kifaa cha kuchagulia (tofauti ya rangi kinayoikubali), na haisaidii, maana tundu bado lipo. Tengeneza leya ya muda, chora mstari mweusi kuziba kila mlango, kisha, ile ya mistari kamili ikiwa imezimwa, kiambie kifaa kisome leya zote zinazoonekana kwa pamoja. Ukimaliza, zima ile ya muda na uwashe ile kamili.

Baada ya kuchagua chumba, usimwage rangi papo hapo. Kingo za mistari zina nukta za kijivu ambazo uteuzi haukuzifikia, na ukimwaga hivyo hivyo utaona uzi mweupe ukizunguka chumba kizima, hasa kwenye karatasi. Panua uteuzi kwa pikseli 2, kisha hamia leya ya rangi, ndipo umwage. Rangi inaingia chini ya mstari mweusi na uzi unapotea.

Kila aina ya sakafu ipe leya yake na jina lake: vigae sebule, vigae choo, bustani, maegesho ya gari. "Layer 14" haitakuambia chochote wiki ijayo. Vivuli navyo viwe na leya yao, kati ya rangi na mistari, nayo iwe kwenye "Multiply" kwa nguvu ya asilimia 30 hivi. Rangi zenyewe chagua zilizopoa, kwani bluu inayong'aa kwenye kioo haitoki hivyo kwenye printa.

Hifadhi faili la kazi kama XCF kwenye GIMP au PSD kwenye Photoshop. JPEG inabana leya zote kuwa picha moja, na hakuna kurudi nyuma. Kwa mteja toa PNG au PDF, na kwenye WhatsApp itume kama dokyumenti. Ukiituma kama picha inapunguzwa na maandishi yanakuwa ukungu.

Yule mama nilimtumia yake jioni. Kesho yake asubuhi akanipigia: "Mwanangu, mlango wa choo unatazama meza ya chakula. Ugeuze." Nikaugeuza AutoCAD, nikatoa mistari mipya, nikaiweka juu mahali pa ile ya zamani. Rangi nilizogusa ni mbili tu, ya choo na ya korido.