Wasomaji Wanauliza: Judi Dench kabla ya James Bond na baada yake

Namjua Judi Dench kama M, bosi wa James Bond. Rafiki yangu anasema mama huyu ni mtu wa jukwaani, filamu kazianza uzeeni. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

Rafiki yako anakaribia kushinda. M alianza kumwigiza mwaka 1995, katika GoldenEye, akiwa na miaka 60. Jukwaani aliingia 1957 mjini Liverpool, na kampuni ya Old Vic, akiwa Ophelia katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare. Hiyo ni miaka 38 kabla ya Bond. Lakini filamu hakuzianza uzeeni: Four in the Morning ya 1965 ilimpa tuzo ya BAFTA, yaani tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji chipukizi. Kilichochelewa ni umaarufu wa dunia nzima.

Katikati hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1963 alizunguka Afrika Magharibi na kikundi cha Nottingham, akiwa Lady Macbeth, mke anayemchochea mumewe kuua katika Macbeth ya Shakespeare. Mwaka 1968 aliimba London kama Sally Bowles, mwimbaji wa klabu katika igizo la muziki Cabaret. Mwaka 1971 alikuwa Portia, yule mwanamke anayejifanya wakili. Waliosoma Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere wanamfahamu. Kabla ya hapo, 1969, katika The Winter's Tale, ya Shakespeare pia, aliigiza mama na binti katika onyesho moja. Tatizo la mpango huo liko mwishoni, mama na binti wanapokutana uso kwa uso. Dawa yake ni mwigizaji mwingine kushika nafasi ya binti katika tukio hilo. Mwaka 2015 aliirudia tamthilia hiyohiyo, safari hii akiwa Paulina, mwanamke mtu mzima anayemsema mfalme bila kuogopa.

Ni kweli alipata Oscar kwa dakika nane tu?

Ndivyo inavyosemwa, dakika kama nane hivi, akiwa Malkia Elizabeth wa Kwanza katika Shakespeare in Love. Tuzo, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, aliipokea 1999. Kundi la waigizaji wasaidizi halina kiwango cha chini cha dakika. Waigizaji wenzake ndio wanaoteua, kisha wanachama wote wanapiga kura. Ameteuliwa mara nane, ameshinda hiyo moja.

Kwenye kikundi chetu cha maigizo nasifiwa, lakini kwenye kamera naambiwa napiga kelele. Wenzetu kama Dench wanawezaje kote?

Kwanza, wanaupima ukumbi kabla ya kuipima sauti. Macbeth aliyocheza na Ian McKellen mwaka 1976 ilifanyika Stratford katika ukumbi mdogo, watazamaji wakiwa karibu kabisa. Humo hata mnong'ono ulifika. Ndiyo maana igizo lile lilihamia televisheni bila shida.

Jukwaani, semea mtu wa safu ya mwisho, kwa pumzi ya tumboni, si kwa koo. Vuta pumzi kabla ya sentensi. Ukichelewa, silabi ya kwanza inamezwa, na katika Kiswahili ukanushi unakaa hapohapo: "sitaki" yako itasikika "taki", na mtazamaji hajui kama umekubali au umekataa.

Mbele ya kamera kipaza sauti kiko juu ya kichwa chako au ndani ya nguo. Ongea kama unaongea na mtu mliyekaa naye meza moja. Kamera ikiwa usoni, usitikise kichwa kwa kila neno. Acha macho yafanye kazi. Simama palipobandikwa alama sakafuni, la sivyo unatoka kwenye fokasi na picha yako inaingia ukungu. Na kama umenyanyua kikombe kwenye neno fulani, kila mnaporudia kinyanyue kwenye neno hilohilo. Wahariri wa filamu wanakwama hapa kila siku: kikombe kiko mkononi, mara kiko mezani.

Nasikia haoni vizuri. Anakaririje?

Mwaka 2012 ilijulikana ana ugonjwa unaoharibu sehemu ya kati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mgonjwa huona pembeni, lakini kile anachokitazama moja kwa moja kinafifia, na kusoma ndiko kunakoumia kwanza. Mwanzoni maandishi makubwa husaidia, baadaye hayatoshi. Dench amekuwa akisomewa maneno yake tena na tena mpaka yakae kichwani. Ukimsaidia mtu kwa njia hii, soma bila kuigiza, kipande kifupi kwa wakati, na umsomee pia sentensi ya mwenzake inayotangulia. Bila hiyo hatajua aingie wapi.

Nianze na filamu gani?

Mrs Brown ya 1997, ambayo BBC waliitengeneza kwa ajili ya televisheni kabla haijapelekwa sinema. Kisha Notes on a Scandal, umwone akiwa mwalimu mwenye roho mbaya, halafu Philomena. Cats ya jukwaani ya 1981, igizo la muziki, aliikosa baada ya kukatika kano ya kisigino mazoezini, nafasi ikaenda kwa Elaine Paige. Ile ya sinema ya 2019 hakuikosa, ila wewe unaweza kuiruka.