Usiing'oe bado hiyo Callicarpa

Mkuu, weka jembe chini kwanza. Umesema kichaka chako cha Callicarpa americana kimekauka matawi yote baada ya theluji, ukauliza kama kimekufa. Huenda matawi tu ndiyo yamekufa. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, kwenye joto, kwa hiyo sehemu ya juu huungua na baridi kali wakati mizizi bado ni mizima.

Kwa bahati nzuri, kichaka hiki huchanua kwenye matawi mapya, yale yanayoota mwaka huohuo. Hata kikianza upya kutoka ardhini, bado unaweza kupata yale matunda ya zambarau yanayozunguka shina kama shanga. Baridi ikikaribia kuisha, kata matawi yote yabaki kama sentimita 30, halafu subiri. Huchelewa sana kuchipua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa (mimi mwenyewe niliwahi kung'oa kimoja, nikakuta mizizi mibichi kabisa. Iliniuma!).

Kabla ya baridi ijayo, funika shina kwa matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 10 hivi. Mbolea ya naitrojeni usiweke mwishoni mwa kiangazi, maana utaamsha machipukizi laini yatakayoungua mara moja. Kwenye chungu ni hatari zaidi, udongo huganda upesi.

Kikigoma kabisa, jaribu Callicarpa dichotoma ya Asia Mashariki. Matunda yake ni madogo zaidi, ila huvumilia baridi vizuri kuliko hiyo yako.