Bogonvilia ni jina la nani?

SWALI: Shikamoo Bibi. Ukutani kwangu hapa Kisasa, Dodoma, nina bogonvilia ya zambarau. Muuza miche aliniambia hilo ni jina la mtu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli kabisa. Ni la Louis-Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeanza safari ya kuizunguka dunia mwaka 1766. Mwaka uliofuata walitia nanga Rio de Janeiro, Brazili, na mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, akalipa ua hili jina la mkuu wake. Lilichapishwa kitabuni mwaka 1789, Commerson keshafariki.

Ila mimi moyo wangu uko kwa Jeanne Baret, msaidizi wa Commerson. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa, basi akavaa kiume, akabeba vifaa na mimea mlima kwa bonde, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kwa haki, ua hili lingeitwa kwa jina lake.

Halafu chuma kishada kimoja ukitazame kwa karibu. Hayo ya zambarau, mepesi kama karatasi, ni majani. Maua yenyewe ni vile vimirija vyeupe vitatu katikati, kila kimoja kimeshikana na jani lake. Na kiangazi hiki usilimwagie maji kila siku, maana likinywa sana hutoa majani ya kijani tu.